Kamba Isiyo na Ng'ombe

Nyie mnaoniuliza "mwalimu, amepatikana?" kila mkiniona nimeshika kamba ya kuanikia nguo, leo nawasimulia mkasa wenyewe kutoka kinywani mwangu, maana ule unaozunguka Katesh umeshaongezewa ng'ombe wawili ambao hawakuwepo. (Hata yule mmoja hakuwepo, na hiyo ndiyo shida yenyewe.) Aibu ni yangu, nimeizoea, na nikiisimulia moyo bado unanienda mbio kama siku ile, ila siku hizi unakwenda mbio kwa raha.

Kwanza mnijue. Mimi ni Mwalimu Paskalina, nafundisha darasa la tatu hapa Nangwa, na mbele ya watoto hunikuti nimekosa neno. Nitakueleza kugawanya kwa maharage, nikiona hujaelewa nitakueleza kwa mahindi, na ukishindwa na mahindi nitawasimamisha wenzako uwanjani tuwagawanye wao. Lakini uniweke mbele ya watu wazima, mimi si mtu tena. Mwaka jana kwenye mkutano wa wazazi niliambiwa nieleze jinsi watoto watakavyosomea nyumbani, nikasimama, nikasema "shikamooni wazazi wangu", wakaitikia marahaba vizuri kabisa, na baada ya hapo sikuona kitu isipokuwa macho. Mdomo ukakauka, magoti yakaanza mambo yao, nikasema naomba nikachukue chaki, nikatoka, na sikurudi. Chaki nilikuwa nazo mkononi.

Sasa mwaka huu mwalimu mkuu wetu, mama mpole asiyejua kufoka, akanipa kazi ya mwalimu wa taaluma, kazi ambayo nilikuwa naiota tangu nikiwa chuoni, na kazi hiyo ni ya kusimama mbele ya wazazi kila muhula. Akaniita pembeni, akaniambia, "Paskalina, nakupenda na unajua hivyo. Lakini safari hii ukienda kutafuta chaki, nitampa mwingine." Mkutano ulikuwa unakuja, Ijumaa ile inayofuata baada ya mnada wa mifugo wa Katesh. Ndipo nikaenda hospitali, kwa Dada Upendo.

Dada Upendo ni mshauri, amesomea mambo ya mawazo na hofu, ni mwenyeji wa Tanga na ana sauti ya taratibu ya mtu anayemimina chai. Nilidhani atanipa vidonge. Badala yake akaniuliza nyumbani kwetu Masakta tunalima na nini, nikamwambia tunalima na maksai, akaniuliza, "Nani anatangulia mbele?" Nikasema mtu wa kuwaongoza. "Akienda upogo?" Nikasema mtaro wote utakwenda upogo, hata kama mshika plau ni hodari. Akatabasamu. "Basi ndani yako wazo ndilo linalotangulia. Linasema, watu hawa watanicheka. Mwili unafuata, unavuta, moyo mbio, jasho. Na mwishoni kuna tendo, ambalo ni wewe kutoka mlangoni. Wewe kila siku unagombana na maksai, wakati anayewapoteza yuko mbele yao."

Mimi ni mtu wa kufundisha, na nikifundishwa vizuri huwa nasisimka kuliko mtu aliyepewa zawadi. Nikakaa mbele kwenye kiti. Akaniuliza nikitoroka najisikiaje, nikasema napata nafuu kubwa. Akasema, "Hiyo nafuu ndiyo mfupa. Mbwa akibweka ukamtupia mfupa anyamaze, kesho atabweka mapema zaidi. Hofu yako imejifunza kwamba ikibweka, unailisha." Nikauliza nisipoilisha itaniua? Akasema hofu ni kama moto wa mabua ya mahindi, unapanda juu ghafla mpaka unadhani utakula nyumba, lakini ukikaa palepale usiuongezee kitu, unaisha wenyewe, maana mabua hayana mkaa. Jamani, nimechoma mabua maisha yangu yote na sikuwahi kuona kwamba yananifundisha.

Tukatengeneza ngazi. Si ya mbao, ya mambo ninayoyaogopa, kuanzia dogo chini mpaka mkutano wa wazazi juu kabisa, na ninapanda kidato kimoja kimoja, sishuki mpaka mabua yaishe. Nilianza kwa kuuliza bei madukani na kuondoka bila kununua. Nikapanda, nikasoma tangazo kwenye jumuiya yetu ya kanisa hadi mwisho. Nilikuwa naendelea vizuri, na kila nikirudi namsimulia Dada Upendo kwa furaha hadi ananiomba nikae chini.

Ndipo tukafika kwenye kidato cha ajabu. Akasema, "Sasa utafanya kitu cha kijinga makusudi, mbele ya watu, uone kama mbingu inaanguka. Ni jaribio, kama mnavyofanya kwenye sayansi. Siku ya kawaida, nenda stendi pale Katesh, tembea umeshika kamba isiyofungwa kitu chochote, kutoka upande huu hadi upande ule. Usimweleze mtu. Tazama tu kinachotokea." Yeye mwenyewe alifanya hivyo wakati wa mafunzo, mjini, akatembea na kamba yake barabarani, na watu walimtazama kidogo wakaendelea na mambo yao. "Unatabiri nini?" akaniuliza.

"Watanizunguka, watanicheka, nitazimia."

"Unaamini kiasi gani?"

"Tisa kwa kumi," nikasema, na ile moja nilimwachia yeye kwa heshima.

Sasa sikilizeni uamuzi wangu mdogo, maana kila kitu kilitoka hapo. Usiku sikulala vizuri, nikaanza kufikiri, kwa nini stendi, mahali ambapo kamba itaonekana? Siku mbili hizi kuna mnada, pale kila mtu ameshika kamba, nitaingia na yangu, nitatembea toka geti hadi geti, nani ataniona? Nikajisifu kwa akili. Nilitaka kufanya zoezi la aibu bila aibu. (Dada Upendo alikuwa amenionya kabisa kwamba hofu ikifukuzwa mlangoni huingia kwa dirisha, inajifanya ni akili. Nilimwitikia kwa kichwa. Kuitikia kwa kichwa si kuelewa, mimi mwalimu nilipaswa kulijua hilo.)

Siku ya mnada nikafika asubuhi jua likiwa zuri, Mlima Hanang umejifunga wingu kiunoni, vumbi, moshi wa nyama choma, mashuka, masufuria, vitunguu kwa magunia, na Rajabu, yule dalali wa mablanketi wa Katesh, amesimama juu ya meza na maiki yake anaimba bei. Nikatoa kamba kwenye mkoba. Nikaiachia ikaburuzika nyuma yangu. Nikaanza kutembea upande wa mifugo, moyo unapiga, najisemea kaa palepale, mabua, mabua, na nikiwa katikati nikaanza kuona kwamba hakuna anayecheka. Hakuna hata mmoja. Watu walikuwa wananipisha. Mwanaume mmoja akavua kofia.

Nikafurahi. Nikasema kweli sayansi ni kitu kikubwa.

Kando ya njia alikuwa amekaa bibi mmoja na magunia yake ya vitunguu. Akaitazama kamba, akanitazama mimi, akanyoosha mkono. Mtu mzima akikunyooshea mkono huwezi kupita.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Ng'ombe wako yuko wapi?"

Nikageuka nikatazama mwisho wa kamba, sijui nilitegemea kuona nini. "Hayupo, bibi."

"Hayupo?"

"Hayupo."

Ukweli mtupu, jamani, sikudanganya hapo. Ila nyie mnaifahamu nchi yetu. Mjini mtu mwenye kamba tupu ni mtu mwenye kamba tupu. Huku kwetu, mtu anayeburuza kamba tupu mnadani hahitaji kusema neno, kamba imeshasema kila kitu, na mimi niliyezaliwa Masakta na kuzikwa kitovu huko nililisahau jambo hilo kwa sababu mshauri wangu ni mtu wa Tanga.

"Tangu saa ngapi?" bibi akauliza, sauti imeshabadilika.

Nilikuwa nimeambiwa nisimweleze mtu, na mimi ni mtu wa kufuata maelekezo. "Tangu asubuhi."

"Wa rangi gani?"

Mwalimu akiulizwa swali na mtu mzima, jibu linatoka lenyewe, ni ugonjwa wa kazi. "Mwekundu."

"Dume?"

"Mtamba, hajazaa bado."

"Ana kipaji usoni?"

"Cheupe, bibi. Na mkia mrefu." Nilikuwa nasikia jinsi ninavyojibu vizuri, kwa sentensi fupi zinazoeleweka, na nikajiuliza huyu ng'ombe ninamjua wapi, na ndipo nikakumbuka kwamba ni yule aliyechorwa kwenye picha ya ukutani darasani kwangu.

Bibi akasimama. Sikujua kama angeweza kusimama haraka vile. Akaweka kiganja mdomoni akapiga yowe, lile la zamani, la mali iliyochukuliwa, na mnada mzima ukageuza shingo.

"Mtoto wa watu ameibiwa ng'ombe," akasema. "Mtamba mwekundu, kipaji cheupe. Mmekaa tu?"

Mkitaka kujua kama watu wa Hanang wana umoja, buruteni kamba. Vijana wenye fimbo wakatokea hata sijui walikuwa wapi, mmoja akapiga kelele "fungeni geti", geti likafungwa, wengine wakaniuliza alikatwa sikio gani niwaoneshe, wengine wakaanza kuinama kutafuta unyayo. Mama mmoja nisiyemjua akanikumbatia akalia. Kweli akalia, machozi, alishapotelewa na ng'ombe wake wawili mwaka huohuo. Nikaletewa kigoda. Nikaletewa soda. Mtu akaninyunyizia maji usoni ili nisizimie, na mimi kwa mara ya kwanza siku hiyo nikakumbuka kwamba nilikuwa nimetabiri kuzimia.

Mtaniuliza, Paskalina, kwa nini hukusema? Nilitaka kusema. Lakini kila pole niliyopokea iliufanya ukweli uwe mzito zaidi kuubeba, na nilipomeza fundo la kwanza la ile soda nikajua nimeshavuka mto na daraja limeondoka.

Mara watu wakapasuka katikati, na nani anakuja na mtamba mwekundu mwenye kipaji cheupe kama amebanduka ukutani? Mzee Bayo. Mwenyekiti wa kamati ya shule yetu. Yule ambaye Ijumaa atakaa meza ya mbele, ndiye aliyekuwa ameshika kamba, na uso wake umekuwa wa majivu.

"Mwalimu Paskalina," akasema. "Mtamba huyu ni wako?"

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nimemnunua sasa hivi. Mimi, mwenyekiti, nimenunua mali ya wizi mbele ya watu?"

Kabla sijajibu wakaleta mtu mwingine, wamemshika mikono nyuma, shati limechanika bega zima. Kijana mwembamba wa Getanuwas, anaitwa Gidamis, walimkuta anakula nyama, kipande bado kimo mkononi. Ndiye aliyemuuzia Mzee Bayo. Kosa lake lote ni kwamba ng'ombe wake anafanana na picha ya darasa la tatu.

"Mtamba huyu nimemlea kwa chupa," akawa anasema, anamgeukia huyu na huyu. "Mama yake alikufa siku ya kumzaa. Nimeuza ninunue bati. Waulizeni watu wa Getanuwas."

"Getanuwas ni mbali," mmoja akamjibu. "Fimbo ziko karibu."

Kulikuwa na mgambo wawili, na vijana walikuwa wengi kuliko mgambo, nadhani mnanielewa. Nikasema, "Siyo wangu."

Nilisema kweli. Ila nilisema kwa sauti ileile ya mkutano wa wazazi, ile inayofika kwenye meno na kurudi.

"Anasemaje?"

"Anaogopa," bibi wa vitunguu akawaeleza. "Huyu mwizi amemtazama vibaya. Msimtishe mtoto wa watu."

"Mwalimu, sema tu usiogope, tupo," mgambo akaniambia kwa huruma.

Na Gidamis akaniangalia. Hakuwa na hasira, ndilo lililonimaliza. Akasema, "Mama, mimi nimekukosea nini?"

Jamani, wazo likaja mbele ya maksai wangu likashika kamba: ondoka. Kati ya malori mawili ya magunia kulikuwa na upenyo, mtu mwembamba angepita, nami ningefika barabarani kabla hawajajua. Mwili ukaitikia. Nikausikia kabisa mguu wangu wa kulia unaanza kwenda kutafuta chaki.

Nikauona. Hilo ndilo nataka mlichukue, hata mkisahau mengine yote. Sikuwa jasiri kuliko mwaka jana hata kidogo, moyo ulikuwa uleule na magoti yaleyale, ila mwaka jana sikuwa najua kinachotangulia mbele, na safari hii nilikiona, nikakitazama, nikakiambia utanipeleka upogo na huyu kijana atapigwa. Basi nikageuza mguu. Nikaenda kwenye meza ya Rajabu.

"Nipe maiki."

"Mwalimu, pole na msiba wako, lakini niko kwenye bei."

"Rajabu, nipe maiki."

Akanipa. Akanipa na mkono nikapanda mezani juu ya mablanketi, na kutoka pale juu niliona mnada wote, kofia, vilemba, pembe, na macho. Macho mengi kuliko wazazi wote niliowahi kuwaona.

"Shikamooni wazee wangu," nikasema, na maiki ikalia kwanza kama imekanyagwa.

Hapa ndipo nilipokuja kuipenda adabu ya kwetu. Mzee wa Hanang anaweza kuwa katikati ya ugomvi, ameinua fimbo, lakini ukimwamkia hawezi kukuacha bila jibu. Mnada wote ukanyamaza, ukajibu, "Marahaba." Hata waliomshika Gidamis wakajibu. Na baada ya marahaba ikaja ile nafasi tupu, ileile niliyoangukia mwaka jana. Moto ukapanda, wa mabua, mpaka masikioni. Nikakaa palepale. Sikuongeza kitu. Nikahesabu pumzi kidogo, nikasikia ng'ombe mmoja anatafuna, na moto ukaanza kushuka, nakuapieni, nikausikia unashuka.

"Sina ng'ombe," nikasema.

Vijana wakageuka kumtazama bibi wa vitunguu.

"Sijaibiwa. Sijawahi kumiliki ng'ombe. Mwachieni huyo kijana, mtamba alikuwa wake, na Mzee Bayo amenunua kihalali. Ng'ombe niliyemweleza bibi yuko ukutani, darasa la tatu, Nangwa. Ni picha."

"Na kamba?" mtu akauliza kutoka kwenye mifugo.

"Kamba ni zoezi."

"Zoezi la nini?"

Sasa mngekuwa nyie mngesema samahani mkashuka. Mimi nimeulizwa swali. Na lilikuwa swali zuri. Nikawaeleza, jamani, nikawaeleza kuanzia mwanzo, habari za wazo linalotangulia maksai, habari za mbwa na mfupa, habari za ngazi, na kwamba nilitakiwa nifanye kitu cha kijinga mbele za watu ili nijifunze kutoogopa kuchekwa, na nikaja kujificha huku kwenu nikidhani kamba kati ya kamba haitaonekana. Nilipofika hapo kicheko kikaanza upande wa mbuzi, kikaja kama mvua inavyokuja kutoka mlimani, unaiona kabla haijakufikia, kikanifikia, na mnada wote ukanicheka. Wote. Mama aliyelia alicheka mpaka akakaa chini.

Nami nikawa nimesimama katikati ya kitu nilichokiogopa maisha yangu yote, na kilikuwa kelele tu.

"Mwalimu," mzee mmoja akainua fimbo kama mwanafunzi, "mimi naogopa nyoka. Nipande ngazi gani?"

"Unaanza mbali, mzee. Kwanza unaongea habari zake, halafu unatazama picha, unakaa hapo hadi moyo utulie, ndipo unasogea."

"Mimi namwogopa mama mkwe," mwingine akasema.

"Huyo naye anza na picha," Rajabu akamjibu, akanyoosha mkono kuomba maiki yake. "Mwalimu, elimu ni bahari, ila mablanketi yangu umeyakanyaga."

Nikashuka. Nikaenda kwa Gidamis, wameshamwachia, anajifuta vumbi, na yule mtamba ameshamfuata anamlamba kiwiko. Nikapiga magoti pale kwenye samadi nikamwomba radhi mbele ya wote. Akatazama shati lake, akatazama nyama iliyoanguka kwenye vumbi.

"Hiyo dawa yako," akasema mwishoni, "inaponya au inaua?"

"Inaponya. Ila mimi nimeinywa vibaya."

"Basi siku nyingine kainywee kwenu."

Wazee wakakaa pembeni kwa muda mfupi. Wakaamua nimnunulie Gidamis shati na nyama nyingine, jambo ambalo nilishaanza kulifanya, na Rajabu akatoa shati zuri la mtumba kwa bei ya pole. Halafu bibi wa vitunguu, ambaye alikuwa amenikasirikia hata hanitazami, akasema hiyo haitoshi. "Ametuinua kwa kamba tupu," akasema. "Asitoke hapa na kamba tupu." Wakaielewa kabla yangu. Wakaichukua kamba yangu, wakaifunga kwenye pembe za mtamba wa Mzee Bayo, wakanipa ncha, na adhabu yangu ikawa kumpeleka kwa miguu, katikati ya mnada wote, hadi nyumbani kwa mwenyekiti, Nangwa.

Nikapita. Watu wakajipanga pande mbili kama harusi. "Hongera mwalimu, amepatikana," wakawa wanasema, na mimi nawaitikia mmoja mmoja, asante, asante, amepatikana. Yule aliyevua kofia asubuhi akaivua tena.

Njiani Mzee Bayo alitembea nyuma yangu muda mrefu, nami nikajua ananitafutia maneno ya kuniondoa kwenye ile kazi. Tulipokaribia mashamba ya Nangwa akakohoa.

"Mwaka jana," akasema, "wewe si ndiye uliyekwenda kuchukua chaki?"

"Ndimi, mzee."

"Tulikusubiri." Akatembea kidogo. "Nilidhani unatudharau sisi wazazi, kwamba hatujasoma. Kumbe ulikuwa unatuogopa." Akacheka taratibu, kicheko cha mtu aliyetua mzigo. "Mimi nami kila nikifungua mkutano naenda msalani kwanza. Usimwambie mtu." (Nimemwomba ruhusa, ndiyo maana nawaambia.)

Dada Upendo nilipomsimulia alicheka mpaka akavua miwani, akaniomba msamaha kwa kunipa kamba bila kuuliza kamba maana yake nini huku, nami nikamwomba msamaha kwa kuondoka stendi nikaenda kujificha mnadani. Kisha akajikaza, akawa mshauri tena.

"Ulitabiri watakuzunguka."

"Walinizunguka. Walifunga hadi geti."

"Watakucheka."

"Walinicheka wote, hadi mbuzi."

"Utazimia."

Hilo ndilo sikuwa nimelitazama.

"Sikuzimia," nikasema.

"Hukuzimia," akasema Dada Upendo.

Ijumaa nikasimama mbele ya wazazi. Mzee Bayo akanitambulisha kwa neno moja tu, "Mnamjua," na kicheko kikapita kabla sijafungua mdomo, kwa hiyo kazi ya kuchekwa ikawa imekwisha mapema. Nikasema shikamooni, wakasema marahaba, ile nafasi tupu ikaja na moto wake, nikaungojea kama mtu anayengojea maziwa yatulie, halafu nikawaeleza jinsi mtoto anavyosomea nyumbani, kwa maharage, na kwa mahindi, mpaka mwalimu mkuu akanionesha saa. Chaki zilikuwa mezani muda wote. Sikuzigusa.

Hofu haijaniacha, msije mkadanganywa. Huja kila muhula, husimama mlangoni kama mgeni, namfahamu, namwambia karibu kaa nyuma. Na kama nawe una yako, mpenzi, anza kidato cha chini, nenda taratibu, utapanda, mimi nimepanda. Ila pale mshauri wako atakapokuambia nenda stendi, nenda stendi. Na kuhusu kamba nimeshaweka nadhiri mbele ya wazee, mbele ya Gidamis na mbele ya yule bibi, ambaye siku hizi ndiye ninayenunua vitunguu kwake: sitaishika tena mnadani isipokuwa niwe namwona aliye mwisho wake, anatembea kwa miguu yake minne, na amelipiwa.